Tabo, Kabureta na Kimya Changu

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na sijawahi kuomba mtu pole kwa hilo. Gereji yangu ya mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru, niliijenga kwa mabati niliyobeba kichwani, moja leo, moja wiki ijayo, na mpaka sasa sijui kama maneno yaliyo kwenye kibao chake yameandikwa sawasawa. Lakini lete gari. Iweke hapo mbele yangu, uiwashe, uniache nisikilize. Kabla hujazima nitakuwa nimekuambia ni silinda gani inayokudanganya.

Watu huniuliza kwa nini binti yangu, fundi mzuri vile, hakukaa na babake. Huwa nawajibu kwamba vijana wanapenda viwanda vikubwa na kadi ya kuningʼiniza shingoni. Ni uongo. Wacha niseme ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka wa 2007, miezi michache kabla ya kura. Mji ulikuwa umejaa magari yenye vipaza sauti na vijana waliovaa fulana za bure. Mwalimu mmoja mstaafu wa Subukia akaniletea gari yake ndogo, ya milango miwili, rangi ya maziwa, iliyotoka kiwandani mwanzo wa miaka ya sabini. Aliinunua akiwa kijana mwenye suti moja, akaitunza kama ngʼombe wa maziwa. Viti vilikuwa vile vya mwanzo. Hata jivu la sigara hungeliona humo.

Shida yake ilikuwa mlima. Kutoka bonde la Subukia kupanda kuja Nakuru, gari ilikuwa ikipiga magoti. Gia ya pili, mguu mpaka chini, na bado trekta za nyasi zinampita. Aliniambia kinachomuuma si trekta. Kinachomuuma ni wanafunzi wake wa zamani, waliokaa juu ya nyasi ndani ya trela, wakimpungia mkono kwa huruma. Alitaka gari ipande kama watu, kisha abaki nayo mpaka azikwe.

Nilikuwa na dawa yake. Juu ya kabati, ndani ya kitambaa chenye oili, nilikuwa na kabureta kubwa ya midomo miwili niliyoachiwa na Kalasinga mzee, Mhindi wa kilemba, aliyenifundisha kazi. Kabureta ni kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijaimeza. Ya mwalimu ilikuwa na mdomo mmoja, mwembamba. Ukiipa injini midomo miwili inakula zaidi, inapanda zaidi. Kazi ya siku mbili, na siku moja zaidi ya kuisikiliza.

Binti yangu akasema hapana.

Yeye ndiye wa kwanza kwangu, na kwa desturi yetu alirithi jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe namwita mama. Alikulia kwenye gereji. Akiwa na miaka tisa alijua spana kumi na mbili na kumi na tatu kwa kugusa tu. Halafu nikampeleka chuo, akarudi na diploma ya mitambo, na akarudi pia na tabia ya kuuliza kwa nini. Mimi nikiwa kijana, ukimuuliza Kalasinga kwa nini, unapigwa na kitambaa cha grisi usoni.

Mbele ya mwalimu, binti akachukua kalamu na kisanduku cha plagi, akachora. Akasema Nakuru tuko juu sana, hewa ni nyepesi, na kabureta hata ukiipanua mdomo namna gani, itameza hewa ileile nyepesi. Ila tabo ni kitu kingine. Moshi unaotoka injini unazungusha panga ndogo, na hiyo panga inashindilia hewa ndani ya injini, kama vile maua ya pareto yanavyoshindiliwa kwenye gunia. Injini ndogo inapata kifua cha injini kubwa. Alikuwa ameona tabo moja ya mtumba, ndogo kama ngumi mbili, kwenye duka la spea la Mhindi mmoja mjini. Angeifunga, na kabureta ya mwalimu ingebaki ileile, ikipuliziwa hewa kwa nguvu.

Nikasema mambo ya tabo ni ya lori. Nikasema gari ya mzee haitaki kifua, inataka koo. Mafundi wa gereji za jirani walikuwa wamesogea, kama kawaida wakisikia watu wanabishana, na mmoja akasema tumpe mzee nafasi, yeye na kabureta walibatizwa siku moja. Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mwalimu hakucheka. Alikigeuza kile kisanduku, akakisoma kama anasahihisha mtihani. Kisha akanitazama, bila ubaya wowote, na akasema:

"Mzee, wewe unajua njia. Huyu anajua sababu."

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga hivyo. Miaka arobaini mikono yangu imekula petroli mpaka kucha zimekuwa za kobe, halafu mtu wa chaki anakuja kuniambia najua njia tu. Nikamjibu gari ni yake, achague. Akachagua tabo.

Jioni ile tukifunga milango, binti akaniambia jambo ambalo alikuwa ameliweka. Kiwanda kimoja cha Thika kilimtaka kwa kazi ya kutunza mashine, na walikuwa wanangoja jibu kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha.

"Baba, mimi sitaki Thika. Lakini pia sitaki kuwa mtu wa kukupitishia spana mpaka nizeeke. Hii gari ikipanda, nabaki, unipe upande mmoja wa gereji, tutengeneze gari za zamani za hawa wazee wote. Isipopanda, nitaenda."

"Na ikipanda nusu?"

"Usinichezee, baba."

Nikakubali. Nataka ieleweke hapa: nilitaka abaki. Sikutaka kitu kingine duniani kama kile. Wavulana wangu wawili hawakuwa na mkono wa kazi, mmoja anauza viatu na mwingine anaimba kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono. Lakini nilitaka abaki akijua nani ni nani. Nilitaka aje aniambie, baba, nionyeshe.

Sasa niseme kuhusu Kalasinga. Zamani, mimi nikiwa mtoto wa kazi kwake, alimtengenezea mkulima mmoja gari ya mashindano, na akaifungia mashine ya kupuliza hewa ndani ya kabureta. Siku ya kwanza pistoni ilitoboka. Kalasinga hakulala mpaka akajua sababu, na nilimwona kwa macho yangu akirekebisha. Iko hivi. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo la petroli. Ukiipuliza kabureta kwa nguvu bila kulipuliza lile bakuli pia, petroli inasukumwa irudi, inakataa kutoka. Injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inawaka moto mkali wa kuyeyusha chuma. Kalasinga alifunga mipira miwili, myembamba kama kidole: mmoja kutoka kwenye hewa ya mashine mpaka juu ya bakuli, mwingine mpaka kwenye pampu ya petroli ili nayo ipate nguvu ya kusukuma. Hakunieleza. Aliniambia tu, "Wewe hapana sema kwa mtu. Ukipa mtu hii, napa yeye gereji."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Ufundi ulikuwa hautolewi, unaibwa kwa macho. Nilichojua chote niliiba, kipande kwa kipande, nikijifanya nafagia. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi, nikiwa peke yangu. Hata mimi sijaridhika na utetezi wenyewe.

Binti alifanya kazi siku kumi. Sijaona kazi safi vile. Alichonga kofia ya alumini ya kufunika kabureta, akaiunganisha na tabo, akapitisha mabomba ya oili kama mishipa. Nilikaa kwenye kiti changu cha tairi nikinywa chai na kutazama, na kila siku nilitafuta ile mipira miwili. Haikuwepo. Siku ya tisa nikajua hataiweka. Diploma yake ilikuwa imempa kila kitu, isipokuwa vidole viwili vya mpira.

Akanijia akipangusa mikono.

"Baba, hebu angalia vizuri. Unaona kitu nimesahau?"

Aliuliza. Nasema hili ili mtu asidai labda hakuniuliza. Aliniuliza kwa adabu, macho yake kwenye macho yangu, na kile nilichokuwa nangoja miaka yote kisemwe kilikuwa kimesemwa. Lakini mafundi wa jirani walikuwapo, na maneno ya mwalimu yalikuwa bado yamenikaa kooni kama mfupa wa samaki.

"Mimi najua njia tu," nikamwambia. "Sababu muulize mwalimu."

Akakikunja kitambaa chake. Kisha akarudi kwenye boneti.

Jumamosi tulikwenda Subukia. Yeye alishika usukani, mwalimu kando yake na kofia yake ya sherehe, mimi nyuma, magoti yakigusa kidevu. Kwenye barabara ya tambarare gari ilikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Tabo ilikuwa inapiga mluzi mdogo, na mwalimu akawa anapiga goti lake kama mtoto. Akasema tangu ainunue haijawahi kumsukuma mgongo hivi. Tukashuka bondeni, tukanywa chai kwake, mkewe akatufungia mahindi ya kuchemsha. Kisha tukageuza, tukaanza kupanda.

Alianza na gia ya tatu. Ya tatu, kwenye mlima ule. Trekta moja ilikuwa mbele yetu, na kwa mara ya kwanza gari ya mwalimu ilitaka kuipita trekta. Binti akakanyaga. Mluzi ukapanda.

Nilisikia kabla yake. Kwanza ni kama mtu anatikisa changarawe ndani ya debe, mbali, sauti ndogo. Injini inalia ikiwa na kiu. Mtu akisema "toa mguu" wakati ule, binti anatoa mguu, injini inapoa, hakuna kinachoharibika. Ni maneno mawili. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilitazama kisogo chake, nywele alizosuka kwa ajili ya siku ile, na nikafunga mdomo. Nikajiambia wacha ajue. Nikajiambia akishaumia kidogo atatulia.

Tulikuwa sambamba na trekta ilipopasuka. Mlio mmoja, kisha moshi wa buluu ukajaa ndani ya gari mpaka mwalimu akatafuta kishikio cha mlango kwa kupapasa. Binti akaiegesha kando. Watu wa trekta wakapita juu ya nyasi zao. Hawakutupungia mkono, na nadhani hilo ndilo lilimuuma mwalimu kuliko kama wangetupungia.

Tulivutwa mpaka Rhonda kwa kamba. Jumapili hakwenda kanisani, alifungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Akaishika mkononi muda mrefu, akiigeuza. Hakulia, yeye si wa kulia. Akasema huenda petroli ilikuwa chafu, au tabo ni kubwa kuliko injini. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba amemharibia mzee wa watu gari yake ya ujana.

Ningeweza kusema hapo. Lakini angeuliza kwa nini sikusema jana. Kimya kina tabia ya kuzaa kimya kingine, na cha pili huwa kizito kuliko cha kwanza.

Nilimwambia, "Pole, mama. Hata mimi nilichoma za kwangu." Nikamwambia asiende, atakaa tu, tutafanya kazi kama zamani. Akaniangalia kama mtu anayepima umbali.

"Kama zamani ndiyo nini, baba? Kukupitishia spana?"

Jumatatu alipanda gari ya Thika na begi moja. Alichukua vyombo vyake vya kazi, hata vile vya utotoni.

Mimi nikafunga kabureta ya midomo miwili. Mwalimu alikuja, akaendesha, akapanda mlima kwa gia ya pili, na mara mojamoja ya tatu akibembeleza. Si vibaya. Si kama ile Jumamosi kabla haijapasuka, na yeye alijua. Lakini alinipa mkono mbele ya watu, akasema mzee ni mzee. Mafundi wa jirani wakarudia, mzee ni mzee, na mmoja akaniletea soda. Nilishinda. Soda yenyewe ilikuwa ya moto.

Baada ya kura mambo yakaharibika, kila mtu anajua. Mwezi wa kwanza wa 2008 gereji haikufunguliwa. Mimi na mke wangu tulikaa ndani, tukitazama moshi wa nyumba zilizochomwa Kaptembwo, mtaa wa pili, kupitia mwanya wa pazia, na barabara zilikuwa zimefungwa pande zote. Kila asubuhi saa moja simu ililia, na ni yeye.

"Baba, mko?"

"Tuko."

"Mama?"

"Yuko. Anapika."

Basi. Salio lake lilikuwa halitoshi kuongea zaidi, na mimi sikuwa na cha kuongeza. Mtu anakupigia kila siku kuhakikisha hujauawa, na wewe ndani ya kifua umeficha pistoni yake. Nilikuwa nashika simu muda mrefu baada ya kukatika.

Alikuja Pasaka, barabara zilipotulia. Alikuwa amenona kidogo, amevaa viatu vizuri. Alisalimia mamake, akaja moja kwa moja kwenye gereji, akatoa mkobani karatasi ya kopi kutoka kitabu fulani cha maktaba ya kiwanda. Akaitandaza juu ya benchi.

Alikuwa ameipata. Bakuli la kabureta, hewa ya tabo, mpira mmoja mwembamba. Alieleza akiwa na furaha, furaha ya mtu aliyegundua kwamba hakuwa mjinga, alikosa kitu kimoja tu. Kisha akaiacha karatasi, akanitazama.

"Baba, wewe ulijua hili?"

Nimekaa na kabureta miaka arobaini. Mji mzima unanijua kwa hilo. Na kulikuwa na majibu mawili tu: niseme nilijua na nikamwacha achome, au niseme mimi, mzee wa kabureta, sikujua kabureta.

"Sikujua," nikasema.

Akapumua. Nilimwona mzigo ukimtoka mabegani. Halafu akanishika mkono, mtoto wangu, akaniambia maneno ya kunifariji.

"Si makosa yako. Hukusoma, baba. Ungejuaje?"

Akavuta kiti. Akaanza kunifundisha. Polepole, kama unavyomfundisha mtu anayeanza, akionyesha kwa kalamu: hii hapa ni hewa, hii hapa ni petroli, unaona? Nikasema naona. Alisema huko Thika kuna daktari mmoja mwenye gari kama ya mwalimu, na amemkubalia. Tabo imeshanunuliwa. Angeifunga wiki inayofuata, safari hii na mpira wake mahali pake, na ikipanda milima ya kule vizuri, angeacha kiwanda afungue gereji yake mwenyewe. Akachora yote, kutoka tabo mpaka bakuli. Akapiga mstari chini.

Mpira mmoja.

Nilitazama mchoro. Hiyo karatasi ya kitabu ilikuwa ya watu wenye pampu za umeme. Gari ya daktari ingekuwa na pampu ya zamani, ya kusukumwa na injini, na hiyo pampu bila mpira wake ingechoka tu mlima ukiwa mkali. Pistoni nyingine. Mlima mwingine, mwenye gari mwingine kando yake, na safari hii hakuna Thika ya kukimbilia. Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa na mazoezi.

"Na pampu?" nikasema.

"Pampu imefanyaje?"

"Haitaki mpira wake?"

Kalamu ilisimama. Aliangalia mchoro, na nikaona akifuata njia ya petroli kwa macho, kutoka tangi, mpaka pampu, mpaka bakuli, akafika na akaelewa. Fundi kweli. Kisha akainua uso, na hapo akaelewa jambo la pili.

"Nani alikufundisha ya pampu?"

"Kalasinga."

"Lini?"

Yeye mwenyewe alijua Kalasinga alikufa kabla hajazaliwa.

Nje mtu alikuwa anagonga bati, akanyoosha, akagonga tena. Nilingoja anitukane. Ningependa angenitukana, kwetu baba akitukanwa kuna kikao, kuna wazee, kuna namna ya kurudi. Yeye akachora mpira wa pili, kutoka tabo mpaka pampu, akaandika kitu pembeni ambacho sikuweza kusoma. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akaenda kumuaga mamake.

Gari ya daktari ilipanda. Nilisikia kwa mke wangu, ambaye alisikia kwa simu.